Debe Moja, Kisha Rudi Nyuma

Watu wa rika langu wanapenda kusema kwamba umri umewapunguzia hasira. Mimi haujanipunguzia kitu. Hata leo nikisikia mashine ya kusaga inawashwa, popote nilipo, mtu wa kwanza kumkumbuka ni mke wa katibu wa kijiji chetu, na simkumbuki kwa wema. Ameshatangulia mbele ya haki. Mungu amlaze mahali anapostahili. Sikusema mahali pema.

Nilikuwa msichana mkubwa tulipohamishiwa kijijini. Kabla ya hapo tuliishi kwenye mashamba yetu upande wa Kwedizinga, nyumba moja huku, nyingine kule, na moshi wa jirani ulikuwa unaonekana kwa mbali tu. Ujamaa ulipotukusanya tulijikuta tumejenga mstari mmoja na watu ambao zamani tulikutana nao mnadani: Wazigua wa pande nyingine, Wasambaa walioteremka kutafuta mashamba, Waislamu kwa Wakristo. Sitaki kusema uongo, yalikuwepo mazuri. Tulipata shule, tukapata zahanati, na mwisho tukapata mashine ya kusaga. Siku injini yake ilipowashwa mara ya kwanza wanawake walipiga vigelegele, na mama yangu alipiga kuliko wote, maana viganja vyake vilikuwa vimeota sugu kwa mtwangio.

Baada ya vigelegele tukaanza kugombana nani asage kwanza.

Sisi wa tambarare tulizoea foleni. Uliyeanza unamaliza, hata kama umekuja na magunia, na wa nyuma yako akae chini asubiri. Walioteremka kutoka milimani walizoea kupishana: mwenye haraka anamwendea anayesaga, anamwomba kwa adabu, na yule akifika mahali pa kupumzika anampisha. Wengine wakasema mwenye msiba au mgonjwa aingie moja kwa moja, mashine isimamishwe, mahindi ya aliyekuwa akisaga yachotwe na kuwekwa pembeni. Kisha ofisi ya kijiji nayo ikaongeza la kwake: wageni wa kijiji kwanza kuliko wote, kwa sababu mgeni akilala njaa ni aibu ya kijiji kizima.

Mkutano uliitishwa tuchague utaratibu mmoja. Watu walizungumza tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyethubutu kukataa la mwenzake. Tulikuwa majirani wa juzi, bado tunaoneana haya, kila mmoja anachagua maneno. Basi tukafanya kosa ambalo watu waliozoea kugombana wasingelifanya: tukazikubali taratibu zote nne, na tukapiga makofi. Ikaamuliwa kwamba siku za kusaga katibu atasimama mlangoni mwa mashine na kutangaza utaratibu wa siku hiyo.

Kwa hiyo ulitoka nyumbani na debe lako kichwani bila kujua unakwenda kwenye foleni, kwenye kuombana au kwenye kunyang'anyana. Ungeweza kuanza kusaga kwa utaratibu mmoja ukamalizia kwa mwingine. Na kwa kuwa utaratibu ulitoka mdomoni mwa katibu, mke wake aliujua akiwa bado kitandani. Siku ya foleni alikuwa wa kwanza. Siku ya kupishana alikuja amechelewa, na nani angekataa kumpisha? Siku ambazo hakuna utaratibu uliomfaa, ghafla kijiji kilikuwa na wageni.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo lilinichoma kuliko yote. Mashine ile haikuwa inatoa unga wote. Kiasi fulani kilibaki tumboni mwake na kwenye ule mfuko wa turubai unaoteremshia unga, kikatoka pamoja na unga wa anayefuata. Kwa kawaida hakuna aliyeona tabu. Nimekuachia wangu, na mimi nimepata wa aliyenitangulia. Lakini mke wa katibu alikuwa akimkatiza mtu, anaingiza mahindi yake, anapata na unga wa yule aliyekatizwa, kisha akimaliza anaukung'uta mfuko kwa mikono yake mwenyewe mpaka haubaki na vumbi. Alikung'uta bila haraka huku akitutazama. Nilimchukia kwanza kwa ajili ya mfuko huo, kabla hajanipa sababu kubwa.

Baba alifariki mwaka wa pili wa kijiji. Alikuwa mtu wa watu, na arobaini yake tulijua ingeleta ndugu kutoka Handeni mjini, kutoka Korogwe na kutoka vijiji ambavyo sikuwa nimewahi kuvisikia. Mama aliuza mbuzi jike, akabakiza beberu wa kuchinja, akatenga mahindi mazuri aliyokuwa ameyahifadhi darini. Kwa mama, jambo lilikuwa moja tu: watu waliokuja kumwombea mumewe wale ugali washibe, waondoke wakisema fulani ameacha nyumba yenye heshima. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa baba.

Siku ya kusaga ikatangazwa kwamba leo wenye misiba kwanza. Mama alinishika mkono kwa furaha. Tukaingia, tukamimina mahindi kwenye bakuli la mashine, na unga ukaanza kushuka, mweupe, wa moto. Debe la kwanza lilikuwa halijajaa mke wa katibu alipotokea na watu wamembebea magunia. Wageni wa wilaya, akasema, wanakuja leo. Fundi wa mashine, mtu mpole aliyekuwa na watoto wengi na kazi moja, alimtazama mama, akamtazama yeye, akazima. Mahindi yetu yakachotwa kwa viganja na kurudishwa kwenye kikapu.

Tulikaa pembeni. Gunia moja likaisha, likaingia jingine. Mama alivumilia mpaka akaona fundi anainamisha pipa la dizeli ili itoke ya mwisho. Akasimama, akamwendea yule mwanamke, akamwomba aingize japo debe moja katikati ya gunia na gunia, kwa ajili ya arobaini ya mumewe. Nilikuwa karibu. Nilisikia kila neno.

“Marehemu hana haraka tena, dada,” mke wa katibu alimwambia. “Wageni ndio wana haraka.”

Akaendelea kukung'uta mfuko. Dizeli ikaisha na magunia yake.

Majirani walitusaidia kutwanga, Mungu awalipe, lakini huwezi kutwanga unga wa watu wale wote kati ya adhuhuri na kesho yake asubuhi. Ugali uliopatikana waliula masheikh na wazee. Waliobaki, ndugu wa baba waliotembea kwa miguu na waliopanda malori, waliandaliwa mihogo ya kuchemsha. Kitoweo cha beberu na mihogo, kwenye arobaini. Hakuna aliyesema neno mbele yetu. Baadaye tulisikia kwamba kule Korogwe imepewa jina, arobaini ya mihogo, na kwamba mke wa katibu mwenyewe analitumia jina hilo anapotaka kueleza jambo lilitokea lini. Wageni wa wilaya hawakuja siku ile wala siku iliyofuata. Unga ulipelekwa nyumbani kwa katibu.

Mama alikaa ndani siku nyingi, kanga usoni. Alipotoka hakuitaja tena habari ile. Nilipomlaumu kwa kunyamaza akaniambia nimwachie Mungu. Nikamwachia Mungu sehemu yake, na yangu nikabaki nayo.

Mwaka huohuo shangazi yangu aliniita nikakae naye Korogwe, mtaa wa Manundu, nimsaidie biashara yake ya unga. Karibu kila siku nilikuwa mashineni kwa niaba yake. Pale wachuuzi walikuja kwa miguu na mizigo midogo, hakuna anayemjua mwenzake vizuri, hakuna wa kuoneana haya. Kulikuwa na utaratibu mmoja. Kila mtu anasaga debe moja, anatoka. Akiwa na zaidi anarudi nyuma ya mstari na kuingia tena zamu yake ikifika. Aliyekwisha mimina hakatizwi na mtu yeyote. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa kimya. Mwenye debe moja aliondoka mapema, mwenye magunia alishinda pale, na hakuna aliyehitaji kumbembeleza mtu wala kumtisha.

Wengine wangeona utaratibu mzuri. Mimi nilimwona mke wa katibu anarudi nyuma ya mstari, debe baada ya debe, jua linamchoma, na hana wa kumkatiza. Nilikuwa nikichekea tumboni peke yangu mpaka shangazi akaniuliza kama nimepata mchumba.

Niliporudi kijijini, akina mama walikuwa wamechoka na ugomvi na walikuwa wakitafuta mwenzao wa kusimamia mashine pamoja na fundi. Nikajitolea. Watu walinisifu kwamba nina moyo wa kujenga taifa. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa.

Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Nilijua kwamba nikisimama na kisa cha mama nitapewa pole na kukalishwa. Basi nilimwibia katibu maneno yake. Nilisema usawa. Nilisema kwamba katika kijiji cha ujamaa tumbo la mtu mmoja si kubwa kuliko la mwingine. Nilisema taratibu nne ni mabaki ya kila mmoja kubaki na ukoo wake, na kijiji kimoja kiwe na utaratibu mmoja: nyumba moja debe moja, kisha rudi nyuma ya mstari, na aliyekwisha mimina asikatizwe. Nikaongeza lile la dizeli, kwamba kila tunapozima na kuwasha tunaichoma bure, nalo hilo lilikuwa kweli. Katibu alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa furaha. Alikuwa anapenda sana kusikia hotuba zake kutoka kwa vijana.

Mzee mmoja wa Kisambaa aliuliza kuhusu wagonjwa. Nikamjibu kwamba kila mtu akisaga debe moja tu, mwenye mgonjwa hatasubiri kitu, zamu yake itamfikia kabla hajamaliza kusalimiana na watu. Akaridhika. Kisha mwanamke mmoja akauliza: je, mimi nikitaka mwenyewe kumpisha ndugu yangu, bila kulazimishwa? Hilo nilikuwa nimelifikiria kuliko yote. Nikasema hapana. Tukiacha mlango wa hiari, mwenye nguvu atauingia kwa kutukodolea macho, na sisi tutaita hiari. Kupisha kufutwe kabisa, kwa kila mtu.

“Wanaokubali wanyooshe mikono,” alisema katibu, na mkono wake mwenyewe ndio uliotangulia kuwa juu.

Nilimtazama mke wake. Alikuwa ananong'ona na jirani yake, hakuwa anasikiliza.

Ule utaratibu ulikubalika haraka kuliko nilivyotegemea. Ugomvi ulipungua, dizeli ikatosha, na watu waliniombea dua nzuri ambazo nilizipokea bila kuzistahili. Mke wa katibu alijaribu kunizunguka. Alileta watoto wa nyumba yake kila mmoja na debe, nikamkumbusha kwamba ni nyumba moja debe moja. Alitaja wageni, nikamwambia wageni nao watakula unga wa debe moja kwanza. Nilimwita mama kila mara, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na nilimrudisha nyuma ya mstari kwa sauti laini kabisa. Alikuwa akinung'unika lakini alikuwa na wakati, kwa hiyo halikumuumiza. Mimi nilitaka limuumize. Nikawa nangoja siku ambayo hatakuwa na wakati.

Ilikuja kwa harusi ya binti yake. Alikuwa anaolewa na kijana wa Masuguru, kule Korogwe, wa familia ya watu wanaojiweza, na mke wa katibu alikuwa ametangaza harusi hiyo mpaka kwa watu wasiomjua. Siku chache kabla, mkanda wa mashine ulikatika. Fundi akaenda Korogwe kutafuta mwingine, akahangaika, akarudi nao asubuhi ileile ya harusi. Tulipowasha, kijiji kizima kilikuwa kimepanga mstari, maana nyumba zote zilikuwa zimekaukiwa unga. Mama yangu alikuwa karibu na mbele, na debe lake moja. Mke wa katibu alikuwa bado anapaka watu hina. Alipofika na magunia yake mstari ulikuwa umepita zahanati.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilimwamkia, akaitikia.

“Mwanangu, unajua leo nina harusi. Watu wa Masuguru wako njiani.”

Nikamwambia najua, na hongera. Nikamwonyesha mwisho wa mstari. Akadhani sikumsikia, akarudia, safari hii kwa sauti ya kuomba, na alipoomba nilisikia utamu kifuani ambao siwezi kuueleza bila kuona haya, na haya yenyewe sina. Akamwita mumewe. Katibu akaja na kanzu yake mpya. Nilimwuliza kwa heshima, mbele ya mstari mzima, kama anataka tuufute ule utaratibu alioupitisha yeye mwenyewe kwa mkono wake wa kwanza, ili nimtangazie kila mtu kwamba siku hizi yapo matumbo makubwa na madogo. Alitazama viatu vyake. Kisha akamwambia mkewe akapange mstari.

Akaenda kupanga, na debe lake moja, ameshavaa nguo za harusi. Nilimwona akifuta jasho na ncha ya kanga mpya. Nilihesabu kwamba kabla ya zamu yake kufika wageni watakuwa wameshakaa kwenye mikeka, wakitazama upande wa jikoni, kama walivyotazama ndugu zangu. Mihogo ilikuwepo kijijini, tele.

Zamu ya mama ikafika. Akamimina mahindi, akakinga unga. Mashine ilipokwisha meza yote, mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliushika ule mfuko wa turubai kwa mikono miwili, akaukung'uta. Aliukung'uta taratibu mpaka ukawa hauna vumbi. Halafu akajitwika debe, na badala ya kuelekea nyumbani akaanza kushuka kando ya mstari, kuelekea nyuma.

Nilitambua anakokwenda. Nilimkimbilia, hasira zimenipanda, nikamwambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, kwamba kupisha kumefutwa na anajua.

“Simpishi mtu,” mama alisema. “Nimeshasaga.”

Akafika alipokuwa mke wa katibu. Akatua debe, akalisogeza mpaka miguuni pake. Watu wa mstari wakageuka kutazama, hasa wale waliokuwepo kwenye arobaini yetu. Kwa mbali, upande wa barabara, lori lilikuwa linasikika linapanda, na wanawake wa Masuguru wanaimba ndani yake.

“Chukua, dada,” mama alimwambia. “Wageni ndio wana haraka.”

Aliyasema maneno hayo kwa sauti ileile aliyoambiwa nayo, na kituo palepale, kama mtu aliyekuwa anayarudia kila siku asije akayasahau. Mke wa katibu aliinua uso. Nilimwona akitafuta pa kuweka macho, akawa hapati, maana kila upande kulikuwa na mtu aliyekuwepo siku ile. Angeweza kukataa, na wageni wangekula mihogo. Lori likapiga honi. Akainama, akalishika lile debe kwa mikono yote miwili, akasema ahsante, na mama akamwitikia karibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni mwa mashine. Mwaka mzima uliofuata, mtu akitaka kueleza jambo lilitokea lini, alisema ilikuwa kabla au baada ya harusi ya unga wa kupewa.

Nilifunga mashine alasiri, nikamkuta mama amekaa nje ya nyumba, miguu ameinyoosha. Bado nilikuwa nimemkasirikia. Nilimwambia nimetumia miaka kumtengenezea ule mstari, mwenye kumrudisha nyuma yule mwanamke ni mimi, na yeye amekuja kumwokoa.

“Ulidhani uko peke yako kwenye foleni?” aliniuliza. “Mimi nilikuwa mbele yako.”

Unga tuliokuwa nao ulikuwa umekwenda harusini. Jioni ile tulichemsha mihogo. Mama alikula muhogo wa kwanza, akala wa pili, akaniomba nimsogezee chumvi, na akaendelea kula.